Fomu Namba Saba

Mnara wa Kamulazi: umesimama.
Naandika hilo kwanza kwa sababu ndilo fomu inaloliuliza kwanza,
ingawa tangu kivuko cha Ilagala nilikuwa naomba niukute umelala,
chuma ndani ya tope,
kitu cha kupiga picha, kugonga muhuri na kuondoka.
Umesimama. Maji yalifika kiunoni mwa uzio
yakaacha mstari wa takataka zake: ndala moja, maganda ya mise,
karatasi ya mtihani, darasa la nne, Kiswahili, arobaini na mbili.

Betri: nane. Zilizokufa: nane.
Jenereta: zima. Nililiwasha, likakohoa, likanyamaza.
Tangi: nilitumbukiza kijiti,
kikatoka kikavu kama cha kuchokolea meno.

Siku tisa yule dada wa kwenye simu, asiyechoka wala kukasirika,
aliwajibu wana wa Kamulazi walioko Tabora, Geita, Mpanda,
sentensi ile ile moja.
Nasi Kigoma mjini, kwenye ramani ya ukutani,
tulikibandika kijiji kitone chekundu
tukarudi kwenye chai.

Habari zilitufikaje? Butoyi alitembea siku mbili
na majina ndani ya mfuko wa nailoni.
Alipofika penye mtandao simu yake haikuwa na chaji,
akamsomea dereva wa lori la chumvi, kwa sauti, jina baada ya jina,
na dereva, Mungu amweke, akayashika yote
isipokuwa mawili.

Mafuta yako wapi? Ruhomvya mlinzi akavitazama viatu vyangu.
"Zahanati."

Muuguzi Ntakije hakukana.
Alinionyesha dumu, lita ishirini, limebaki harufu.
Alinionyesha friji, na chanjo ndani bado baridi.
Akafungua kitabu cha wazazi: usiku wa pili, mmoja,
usiku wa tano, mapacha,
usiku wa saba mama aliyevuja damu
mpaka taa ikaonyesha inakotoka.

Halafu akanipeleka ng'ambo ya korongo, kwa Misago,
bila mimi kumuomba.
Misago alikaa juu ya paa na wanawe usiku kucha na mchana wake,
simu mkononi, chaji imejaa.
Alipanda na watoto watatu, akashuka na wawili.
Ntakije alisimama pale uani, mikono nyuma,
kama mwanafunzi anayesubiri kutajiwa alama zake.

Sababu ya kukatika kwa huduma (zungushia moja):
mafuriko, umeme, waya, wizi, mengineyo.
Kalamu yangu ilikaa juu ya "wizi" kwa muda ambao sitaki kuutaja.

"Niliomba ruhusa," alisema.
"Ile namba ya ubaoni, ya dharura. Kabla sijafungua tangi.
Jumapili, saa mbili usiku. Mara nne."

Naijua simu hiyo. Iko juu ya kabati la mafaili,
imetolewa sauti tangu Pasaka
kwa sababu watu huipigia kuuliza habari za vocha.

Mbele ya "mengineyo" pana mstari mfupi,
mfupi kuliko jina langu.
Nikaandika: Walipiga. Hatukupokea.
Wino ukapenya hadi nakala ya tatu, ile ya njano, ya bosi.

Kisha nikamimina dizeli niliyokuja nayo.
Saa kumi na dakika kumi: huduma imerejea.
Simu zikaanza kulia mifukoni, chini ya mito, ndani ya debe la mchele,
ujumbe wa siku tisa ukigombania mlango mmoja,
mtu akicheka, mtu akiita jina, mtoto akikimbia na simu isiyo yake.

Ya Misago ilikuwa mezani.
Ikatetemeka, ikasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni.
Sote tuliiona.
Mkono wangu ndio uliokuwa karibu zaidi.