Nakala ya Samawati

Kitabu changu cha stakabadhi kina kurasa tatu tatu:
nyeupe huondoka na mteja,
ya waridi huenda kwa mhasibu,
ya samawati hubaki nami hapa Isevya,
ndani ya kopo la biskuti, chini ya mashine.

Mwaka ule nilichapa uso wa Bwana Mhozya
mara elfu nne.
Niliujua kuliko mkewe:
kovu juu ya nyusi, aliloagiza tulifute,
jino lililopanda jingine, alilosema tuliache,
"watu wapende kitu chao."
Wino ukaisha Tabora nzima,
nikaagiza mwingine Mwanza, ukaja na basi la usiku.

Uwanjani akainua jani la tumbaku, kavu, la dhahabu,
akalinusa kama mtu anavyonusa utosi wa mwanawe.
"Hili ni daraja la nne? Hili?
Nani analipanga? Nani ameshika mzani?"
Watu wakaitika mpaka punda wakakata kamba.
Kalunde wa Usoke, mwenye robota saba zilizokataliwa,
alilia kilio cha mtu aliyesikia jina lake likitajwa.
Fulana yangu ikamlowa kifuani.

Mimi nilikuwa nyuma ya spika, nagawa kofia.
Mfukoni, namba mia moja kumi na saba:
fulana elfu mbili, taslimu.
Mlipaji, niliandika kama nilivyoambiwa niandike:
Rafiki wa Maendeleo.
Lakini kijana aliyeleta bahasha
alikuwa na vumbi la ghala kwenye kope,
na alipopiga chafya
duka zima lilinuka tumbaku.

Mabango aliyalipia mwenye malori,
yule ambaye mninga wake haujawahi kuona jua la barabarani.
Na kanga, doti arobaini tu,
zililipwa na akina mama wa kikoba cha Ng'ambo,
sarafu ndani ya mfuko wa sukari.
Tulihesabu mpaka adhuhuri.
Ikapungua mia tano, nikawasamehe.

Bibi yangu alizoea kusema mkono mtupu haulambwi.
Hakuniambia kwamba ulimi
hukumbuka ladha.

Kisha redio.
Nakata karatasi, namsikia bungeni, sauti imenenepa:
suala la madaraja ni la kitaalamu,
tuwaachie wataalamu.
Kizuizi cha magogo kwenye njia ya Sikonge
kinachelewesha uchumi, kiondolewe.
Kikaondolewa.
Zahanati ya Ng'ambo iko kwenye mchakato.
Nikazima mashine nisikie vizuri.
Hakuna aliyemtaja rafiki yeyote.

Msimu uliofuata Kalunde alikuja kutoa nakala ya barua ya malalamiko.
Ile fulana aliivaa bado, ya kufanyia kazi ya bani,
imetobolewa na cheche. Uso umefutika,
limebaki jino.
Akaniuliza, "Wewe ulikuwa karibu naye. Alibadilika lini?"

Nilitaka kufungua kopo.
Nikatazama juu, kwenye bati jipya la paa langu,
nililonunua kwa bahasha ileile.
Nikamwambia nakala ni shilingi mia.
Akalipa.
Akaenda.

Usiku nililifungua peke yangu.
Wino wa kaboni umepauka kama maji ya kufulia,
husomi kwa macho.
Ila ukipitisha kidole, kalamu ilikumbuka kukandamiza:
elfu mbili. Taslimu.
Hakubadilika, Kalunde. Hakubadilika hata siku moja.

Jana wamekuja tena.
Mgombea mpya, mtoto wa mwalimu, sauti tamu, viatu vya kawaida.
Anataka fulana elfu tatu, za kijani kibichi.
Aliyeshika bahasha ni kijana mwingine,
shati limepigwa pasi, kope safi.
Nikafungua ukurasa, nikachomeka kaboni.
"Mlipaji nani?"
Akatabasamu. "Andika tu, rafiki."

Kalamu nikaiweka chini.
Nikafungua dirisha la upande wa vumbi,
nikakaa,
nikangoja apige chafya.