Mguu Usiosikia

Alhamisi, ukumbi wa kanisa, Halifax.
Hita inakohoa. Mabeseni sita,
taulo ishirini na nne, na foleni ya wazee
wanaovua soksi kwa haya, kama wanaovua siri.

"Kombo," aniita Mzee Clifford Sugden,
maana Mwanakombo ni refu mno kwa meno yake ya bandia,
"leo usijisumbue kusema, sikusikii.
Kidude cha sikioni kimezimika tangu Jumapili,
betri ya akiba ilidondoka, ikapotea,
nimeipekua nyumba mpaka chini ya jiko."

Miaka thelathini na minane alikuwa tarishi.
Kila mlima wa mji huu ameupanda na mkoba begani,
mawe yakiteleza, mbwa wakimjua kwa hatua.
Ukitaka ramani ya Halifax, usiende maktaba:
pindua nyayo zake, usome.
Hapa sugu, nene kama ganda la mkate wa juzi.
Hapa magaga, vijia vinavyokatana.
Kucha ya gumba imejikunja mithili ya pembe ya kondoo,
miaka miwili hajaifikia.
"Magoti yalikataa kwanza, kisha kiuno," asema.
"Sasa miguu yangu ni kama jamaa walio Australia:
najua wapo. Hatuonani."

Mkewe, Enid, ndiye aliyekuwa akizikata.
Hilo hakulisema leo. Alilisema mwaka jana, mara moja,
akitazama dirisha.

Napima maji kwa kiwiko, yasizidi uvuguvugu,
kwani mzee ana sukari, na sukari ni mwizi mpole,
havunji mlango;
huanzia vidoleni, akaiba hisia moja moja.
Nachukua uzi wa nailoni, nagusa chini ya gumba.
Kwetu twasema kusikia maumivu, kusikia baridi,
kusikia njaa. Mwili wote ni sikio.
Namwandikia karatasini, herufi kubwa: WASIKIA HAPA?
Atikisa kichwa.
Hapa? Atikisa.
Nagusa ukingo wa kisigino. Anafikiri.
"Mtu anabisha hodi," asema, "lakini nyumba ya jirani."

Wahenga walimtisha mtoto: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Hawakusema neno juu ya guu lenyewe lisilosikia.

Kisha nikaliona, kwenye wayo wa kushoto,
duara jekundu, dogo, kamili,
kama muhuri wa posta.

Nikakitwaa kiatu. Nikakikung'uta
jinsi mama alivyonifunza kule Wete, kwa ajili ya tandu:
mara mbili kisigino chini, mara moja ncha.
Kikaanguka kitu, ti! juu ya vigae.
Betri. Ndogo kama punje ya dengu.

Siku nne mzee huyu ametembea
juu ya masikio yake.

Nesi akaja, akainama, akabonyeza: ngozi haijapasuka.
Wiki moja zaidi, akasema, na hakumalizia.
Nikaifuta betri, nikaipachika, kidude kikapiga mluzi.
"Kumbe," akasema Mzee Sugden, "hita yenu inakohoa."

Nikamkausha katikati ya vidole, pale unyevu unapopenda kujibanza,
nikampaka mafuta kisiginoni. Kucha nikazikata kwa kunyoosha,
taratibu; ile ya gumba ikaruka
hadi kwenye chai ya Bi Marjorie Tattersall,
akaiopoa kwa kijiko, hakusema kitu,
akaendelea kunywa.

Jioni nampigia mama.
"Nani kakukata kucha?"
"Wa kuinama ni nani?" ajibu. "Wewe wawainamia wa huko."
Hakusema kwa uchungu. Alisema
kama mtu atajaye bei ya mchele.

Asubuhi, kabla ya kutoka, nakung'uta viatu vyangu.
Hakuna tandu Halifax.
Hutoka chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyushia barafu,
punje tatu, nne.
Nazikanyaga kwa makusudi, miguu mitupu.

Zachoma.
Vyema.