Damu Haijarudi

Mwandiga, msimu wa kukamua mawese.
Leokadia ananyonyesha huku anachochea sufuria:
Mimi niko salama, shoga,
tangu nimzae Bukuru sijaziona siku zangu.

Mwezi wa kumi na moja huo.
Mtoto anakula ugali, anakula mgebuka,
ziwa analitafuta usiku tu,
kama mzee na ugoro wake.

Na mimi, ningesema nini?
Kinga yangu ilikuwa maji ya chumvi
na kuruka kamba mara saba kabla ya kulala.
Wifi ndiye aliyeniapia. Ana watoto wanane.

Siku ya kliniki nesi Godeliva hakutucheka.
Alichora kwenye kiganja cha Leokadia
kiduara, kama mbegu ya nyanya.
"Yai halisubiri damu.
Yai hupita kwanza, damu ni nyayo zake.
Ukiziona nyayo, mpitaji keshapita."

Na chumvi? nikauliza, macho dirishani.

"Chumvi tia kwenye dagaa."

Tulirudi kimya. Leokadia alinawa kwa sabuni ya mawese,
akanawa tena, wino umo.
Kisha akaanza kuhesabu, kwa sauti,
kuanzia usiku ule wa mvua.