Hesabu za Jikoni

Umeweka daftari kati ya kibuyu cha yerba na mkate wa jana,
Ailén, ukaniita nikusomee tarakimu.
Tikiti kwanza. Halafu bima ya mwaka mzima,
ada ya viza, picha ya kifua:
mapafu yaleyale yanayoamsha jirani
timu yetu ikifungwa dakika ya mwisho.
Halafu ile fedha wanayotaka kuiona tu,
ilale benki bila kuguswa, kama sahani za wageni,
iwe ushahidi kwamba huko Nyuzilandi
hutabisha mlango wa mtu ukiwa na njaa.

Haba na haba hujaza kibaba. Sawa.
Ila kibaba cha mji huu wa Paraná kimetoboka chini.
Jumatatu mshahara wako wa duka la miwani
ulikuwa dola mia tatu na kumi.
Ijumaa, mia mbili themanini na mbili.
Hukununua hata soksi.
Ulilala tu mkobani, ukikonda.

Tukauza baiskeli. Tukauza kinanda,
na aliyekinunua akaomba apunguziwe
kwa sababu ya ufunguo mmoja usiolia.
Bibi Nélida akafungua tumbo la cherehani,
akatoa bahasha: dola mia sita
alizozificha tangu mwaka ule benki zilipofunga milango
na watu wakatoka barabarani kupiga masufuria.
Ukazikimbiza kwa mbadilishaji akupe mpya.
Akazigeuza, akazimulika, akaguna:
"Hizi ni za uso mdogo, binti. Nakata sita kwa kila mia."
Bibi aliposikia aliacha kushona.
"Uso mdogo una kosa gani?
Hata wangu umesinyaa, na bado mnanila."

Usiku wa maombi hatukulala.
Nafasi chache, nchi nzima imekodoa macho.
Simu tatu mezani, kompyuta ya kuazima,
mtandao wa jirani kwa hisani ya jirani.
Saa ilipotimia ukurasa ukawa mweupe,
ukabaki mweupe,
kiduara kikizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Kisha maswali yakafunguka:
Umewahi kuugua kifua kikuu?
Umewahi kufukuzwa nchi yoyote?
Una mimba?
"Andika hapana," akasema Bibi, kisha taratibu,
"ni hapana, siyo?"
Ukacheka mpaka kidole kikakosea mwezi wa kuzaliwa.

Kwenye malipo kadi yako ilikataliwa.
Yangu ikakataliwa kwa adabu zaidi.
Nikaruka ua, nikamgongea Evaristo muuza nyama,
akatoka na kaptula ya kulalia, kadi mkononi,
akaanza kusoma namba kupitia wavu wa ua:
"Nne, nne, saba... hapana, moja. Ngoja miwani."
Miwani uliyompimia wewe mwezi Machi.
Dakika sita zilikuwa zimebaki, kisha nne,
na Evaristo akisoma kama padri,
hakuna wa kumharakisha.

*Ombi lako limepokelewa.*
Si kukubaliwa, ulituonya. Ni kupokelewa tu.
Bado Bibi akabusu kioo, akaacha ukungu juu ya jina lako.

Sasa ni alfajiri, nawe unataka hesabu tena,
maana Evaristo lazima alipwe
kabla dola haijaamka.
Nasoma. Tikiti. Bima. Kodi ya wiki mbili za mwanzo.
Viatu vya mvua, vya kuchumia kiwi.
Umeviandika vyote kwa wino wa bluu, umekandamiza
mpaka ukurasa wa nyuma una makovu.
Chini kabisa kuna mstari mmoja wa penseli,
hafifu, kana kwamba mkono ulikuwa unapita tu:
*nauli ya kurudi.*

Nimeuruka. Sikusema kitu.
Unabonyeza, unakunja uso, unafuta.
"Jumla hailingani," unasema,
na macho hayajatoka kwenye kikokotoo.
"Rudia."