Shamba la Nyuma

Kazi yangu ni kuandika majina kinyumenyume.
Miaka arobaini kibandani, soko la Changnyeong,
kati ya muuza dagaa na fundi cherehani,
nachonga jiwe kwa kisu kifupi kama kidole gumba,
herufi zikitazama kule zisikoelekea,
ili siku zikigusa karatasi zigeuke, ziseme kweli.

Wateja wangu wengi ni wanaume waliochoshwa na jina moja.
Akifika sitini mtu hutaka la pili, jina la brashi;
rafiki humpa, au mwalimu, au hujipa mwenyewe kwa aibu kidogo:
Mwamba wa Msonobari. Kijito Kimya. Mzee wa Mawingu Mawili
(huyu alikuwa msoma mita za maji).
Jina la kuzaliwa, kwetu, ni kama nguo ya ndani,
halianikwi mbele za watu.

Basi akaja bibi mmoja, mwezi wa vitunguu,
viatu vya mpira, udongo ungali kisiginoni.
Alikuwa akijifunza kuandika kwa brashi, ukumbi wa wazee,
na mwalimu kasema kila mmoja aje na muhuri wake.
“Jina lako nani?” nikamuuliza.
Akacheka. “Lipi?”

“Baba alitaka mvulana. Nikaja mimi, wa tano,
akaniita Malnyeo, Binti wa Mwisho,
kama mtu afungavyo mlango kwa teke.
Shuleni, enzi za Wajapani, tukaamriwa kuchukua majina yao.
Mwalimu akaangalia daftari, akanipa Sueko.
Nikauliza maana yake. Mtoto wa Mwisho.
Lugha nilibadilishiwa; foleni, sikubadilishiwa.

“Nikaolewa hapa. Hapa hakuna aliyeuliza.
Nikawa Hapcheon-daek, yule aliyetoka Hapcheon,
miaka sitini naitwa kwa mji nilioupa mgongo.
Kisha Mama Gichul.
Hospitali ndiyo iliyonirudishia langu,
wamelifunga mkononi kwa plastiki,
na nesi alipoliita
sikuitika.”

Mwalimu alikuwa amemchagulia: Banda la Okidi.
“Okidi! Sijapanda okidi hata siku moja.”
Akatoa kipande cha gazeti, pembeni penseli,
silabi mbili za kwetu, hazikuazimwa China:
Dwitdeul.
Shamba la nyuma.

“Kipo kipande nyuma ya nyumba, hatua kumi na saba kwa tisa.
Wakwe walisema hakizai. Nikakitia vitunguu.
Huko nimelia, huko nimesema peke yangu kwa sauti,
na hakuna aliyewahi kuja huko kuniita
kwa jina lolote.”

Nilichonga siku tatu. Jiwe lilikuwa kaidi,
silabi ya pili ikamegeka ukingoni; nikataka kuanza upya.
Akakataa. Hata shamba lenyewe, alisema,
kona moja imeliwa na mfereji.
Akalipa nusu fedha, nusu gunia.

Mwaka jana akaja mwanamume wa makamo,
utepe wa msiba ungali kwenye koti,
mkononi karatasi ya maandishi na jiwe langu.
“Tumevikuta kabatini kwa mama.
Ubavuni mwa muhuri kuna alama yako.
Huyu Dwitdeul ni nani?
Pengine rafiki yake. Tumezika bila kumwarifu.”

Nikapangusa miwani, ingawa ilikuwa safi.
Majina ya watu mimi nayajua kwa upande usiosomeka,
sikuzoea kuulizwa.
Nikamwuliza kama vitunguu vimeshavunwa.
“Vipi?”
“Vya nyuma ya nyumba.”

Akanitazama. Akaligeuza jiwe,
wekundu wa zamani umeganda kwenye mikato.
Kisha akaitazama karatasi, pale chini kushoto,
penye ule ukingo uliomegeka,
midomo ikajaribu silabi ya kwanza,
ikasita, ikatafuta ya pili,
akalitamka polepole, kwa sauti ndogo,
kama abishaye mlango wa nyuma.