Springi Chini ya Meza

Kizuri chajiuza, husema wahenga;
basi wahenga hawakupata kuuza masomo kumi na mawili
ya kufufua saa zilizokufa,
zloti mia tatu na arobaini, lipa kwanza,
kutoka ghorofa ya nne mjini Łódź
mwezi wa Februari, redieta ikikohoa.

Hakikujiuza. Siku ishirini na sita kilikaa tu.
Shangazi Bogna alitengeneza saa miaka thelathini na tisa
kwenye kibanda karibu na kituo cha tramu,
watu wakimwachia saa za marehemu baba zao
bila risiti, bila swali.
"Waliijua mikono yangu," alisema.
"Humo ndani ya kompyuta
nani kaiona?"

Mimi, mpwa wake, mlipwa supu ya bitiruti,
ndiye niliyeshika kamera.
Ndiye niliyeandika tangazo:
Bingwa. Siri za mafundi. Nafasi chache zimebaki.
Alisoma, akavua miwani.
"Nafasi ngapi zimebaki?"
Zote, nikasema.
"Basi andika zote."

Nikaandika zote.
Nikajua tumejichimbia kaburi.

Somo la nne: kufungua ngoma ya springi kuu.
Dakika ya kumi na moja kibano kikateleza,
springi ikaruka, ting! panzi wa chuma,
ikaipita lenzi, ikanipita mimi,
ikaenda ilikokwenda.
Shangazi akatamka neno moja la Kipolandi
ambalo sitalitafsiri,
akapiga magoti.
Dakika sita za video hiyo hazina kitu
ila soksi zake za sufu,
nyayo zikitazama dari,
na sauti kutoka chini ya meza:
"Hili litawapata. Fagieni kabla hamjaanza.
Msiitukane mikono yenu. Tafuteni."

Nilitaka kuzikata.
Nani, nilimuuliza, hutoa pesa zake
amtazame fundi akitambaa?
"Ziache," alisema, vumbi magotini.
"Tena somo hilo liweke wazi. Wasililipie."

Jumanne usiku simu ililia.
Hilkka, muuguzi wa zamu ya usiku, Tampere, Ufini:
*Nimewahi kununua kozi nne kwa watu
ambao hawajapata kuangusha kitu.
Zote niliziachia njiani, nikidhani kasoro ni mimi.
Wewe nimekuona chini ya meza.
Lakini saa ya mama ikigoma kabisa,
pesa zangu nitazipata?*

Nilikuwa na jibu tayari, lenye masharti na vifungu.
Shangazi alinipokonya kibodi,
akajibu kwa kidole kimoja, dakika arobaini:
*Ikigoma, nitumie picha. Ikigoma tena,
pesa zako zimo kwenye kopo la chai.*

Nilicheka. Asubuhi alivaa koti, akaenda benki,
akarudi na noti tatu za mia, mbili za ishirini,
akazifunga kwa uzi,
akaandika Hilkka juu ya kipande cha karatasi.
Nikamwambia siku hizi fedha hazikai hivyo.
"Mimi ndivyo ninavyokaa," alisema.

Wakaja wengine, kwa kunyemelea:
Ottilie wa Graz, aliyeuliza maswali kumi na saba kabla ya kulipa,
na Renzo wa Trieste, ambaye hakuuliza lolote,
akachoka somo la pili, akadai zake.
Alirudishiwa kabla kahawa yangu haijapoa.
Hakuandika tena. Sijui kama aliamini nini.

Aprili, Hilkka alituma sauti tupu, sekunde kumi na moja.
Hakuna neno. Tik, tik, tik,
na kwa mbali kengele ya mgonjwa anayeita.
Shangazi aliibana simu sikioni,
akafumba macho, nikadhani analia.

"Inachelewa," alisema.
"Dakika mbili kwa siku. Mwambie arudie somo la tisa."

Kisha akalifungua kopo, akakata ule uzi kwa meno,
akanituma mkate.