Friji la Malipo ya Pili

Korosho zililipwa Alhamisi.
Jumamosi likafika Kitangari mgongoni mwa Fuso,
friji, jeupe kama jino la bandia,
na upande wetu nguzo ya umeme
wameichora tu kwenye ramani.

Akaja Bwana Hokororo na dodoso.
Hakuuliza habari za mume wangu.
Aliuliza bei ya kilo, minada mingapi,
nyumba ngapi za bati, nani kaolea wapi.
"Bi Somoe," akasema, "Likumbage hakununua friji.
Friji limenunuliwa na msimu.
Hela ya mara moja kwa mwaka haina subira.
Na mume anayekaa ukweni,
shamba la mke, kiwanja cha mke, watoto wa ukoo wa mke,
atatafuta kitu kimoja kizito
wajomba wasichoweza kukibeba."
Akanisomea: pikipiki sita, televisheni nne,
redio sikumbuki,
zote mwezi ule ule.
Aibu ikanipungua. Kumbe tu wengi.

Wiki ya pili akaja Tarsila, kutoka Ndanda.
Huyu hakuhesabu kitu.
Alimuuliza mume wangu analala saa ngapi,
baba yake alimchapia nini,
kisha akanyamaza, akanyamaza,
mpaka mwenyewe akaujaza ule ukimya.
"Majirani wote walilipwa," akaniambia,
"mbona si wote walionunua friji?"
Aibu ikarudi,
safari hii ina sura ya mtu mmoja.

Mkorosho ukikauka,
kuna atakayetazama ubwiriunga umevuma toka wapi,
umepita mashamba mangapi;
kuna atakayepiga magoti afukue mzizi.
Sikumcheka yeyote. Wote walikunywa uji wangu.

Ila sikuwaambia habari ya Twaiba,
siku tatu za homa wodini, anaomba barafu.
Barafu, baba. Si dawa. Si mimi.
Baba akatoka mbio, akarudi na barafu ya mia
imeshakuwa maji mekundu ndani ya mfuko,
na kitanda kimeshatandikwa upya.

Wala sikuwaambia alichosema mjomba makaburini:
"Mtoto ni wetu. Wewe shika chepe."

Labda wale wawili wangekutana hapo,
kwenye mpini wa chepe lile,
mmoja akitazama ni nani aliyempa,
mwingine akitazama viganja.
Sijui. Mimi niliishia darasa la saba.

Friji lipo. Mlango haushiki,
tetea kaingia, anaatamia kwenye droo ya mboga.
Usiku Likumbage huamka, hufungua,
husimama mbele ya taa isiyowaka.
Huingiza mkono taratibu, asidonolewe.
"Ya moto," husema.
Nami kitandani huitika,
"Ya moto, eeh. Funga, lala."